Je, kuta za zege za kiwandani ni dhaifu?

Hapa Dodoma, kila zinapotajwa nyumba za bei nafuu zenye kuta za zege zilizotengenezwa kiwandani na kuja kufungwa saiti, utasikia: "Hizo ni za kubandika, tetemeko likipita zinadondoka." Hofu hiyo naielewa. Tuko ukanda wa Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika. Lakini imeelekezwa pasipostahili.

Kwenye ghorofa lenye fremu, mzigo hubebwa na nguzo na mihimili. Paneli ya nje, yaani kile kipande cha ukuta kilichotoka kiwandani, hubeba uzito wake na kupokea upepo, basi. Tena zege lake mara nyingi huwa bora kuliko matofali tunayofyatua mitaani: vipimo vya saruji na maji havikadiriwi kwa macho, zege hushindiliwa kwa vaibreta (mashine ya kulitikisa), kisha hutunzwa na unyevu. Tofali la mtaani likianikwa juani bila kumwagiliwa, upepo wa Agosti hulinyang'anya maji kabla saruji haijashika. Ukilisugua kwa kidole linatoa mchanga.

Pa kuangalia ni kwenye maungio. Mwaka 1968 jijini London, mlipuko wa gesi ghorofa ya 18 uliangusha kona nzima ya jengo la Ronan Point na kuua watu 4. Jengo lile halikuwa na fremu. Paneli zenyewe ndizo zilizobeba ghorofa, na hazikuunganishwa vya kutosha. Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba, uliza vyuma vinavyoshika paneli vimekingwaje na kutu, na nani atakagua mianya kati ya paneli kabla ya mvua za Desemba.