Kwa nini skrini hukwama ilhali Android huitanguliza

Watumiaji wengi huamini kwamba simu inapokwama wakati wa kupitisha orodha ya ujumbe, kichakataji chake kimezidiwa. Katika kazi yangu ya kupima utendaji wa programu za Android nimeona kwamba mara nyingi kichakataji kina nafasi ya kutosha, ila uzi (mfululizo mmoja wa amri ndani ya programu) wa kuchora skrini umesimama ukisubiri kitu kilichoshikwa na kazi nyingine isiyoonekana. Inanibidi nianze na upendeleo ambao mfumo endeshi huipa kazi ya kuchora, kwa sababu upendeleo huo upo, ni mkubwa, na bado hautoshi.

Skrini ya hezi 60 huonyesha picha upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu, yaani kila picha moja, ina takribani milisekunde 16.7, kwenye hezi 120 muda huo hushuka hadi milisekunde 8.3. Katika muda huo programu hupokea mguso wa kidole, hupanga vipengele vya ukurasa na kutuma amri za kuchora kwa kichakataji cha michoro, kisha huduma iitwayo SurfaceFlinger huunganisha dirisha la programu, kibodi na upau wa juu kuwa picha moja. Fremu iliyochelewa kwa milisekunde moja hukosa zamu nzima, kama abiria wa Kigamboni anayefika gatini pantoni imekwisha kuondoka, na fremu ya zamani huonyeshwa tena. Ndiyo maana siamini vipimo vya wastani: programu inayochora fremu 59 kwa milisekunde 5 kila moja, kisha ikachora ya 60 kwa milisekunde 40, ina wastani wa kupendeza, lakini mtumiaji atauona mkwamo.

Upendeleo wenyewe huanzia kwenye kerneli ya Linux, sehemu ya ndani ya mfumo endeshi inayogawa muda wa kichakataji. Kila uzi wa kawaida una namba kati ya -20 na 19, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uzi unavyopata fungu kubwa zaidi la muda wa kichakataji. Android imetenga namba 10 kwa kazi za nyuma, yaani zisizoonekana kwenye skrini, -4 kwa kazi za kuonyesha na -8 kwa zile za kuonyesha zilizo za haraka. Sauti imepewa -16 hadi -19, yaani iko juu ya picha, na nadhani waliopanga hivyo walikuwa sahihi: fremu moja ikirukwa wengi hawatambui, lakini pengo dogo katika wimbo husikika mara moja.

Namba hizo hugeuzwa kuwa uzito. Uzi wenye namba 0 una uzito wa 1024, na wenye namba 10 una uzito wa 110, kwa hiyo wakigombea kiini kimoja cha kichakataji, wa kwanza hupata zaidi ya asilimia 90. Hesabu hiyo huharibika pale nyuzi za nyuma zinapokuwa nyingi, kwa kuwa 20 kati yake zina uzito wa 2200 kwa pamoja, na uzi wa mbele hubaki na chini ya theluthi moja ya muda. Kwa sababu hiyo Android haitegemei namba peke yake, bali hukusanya kazi zote za nyuma katika kundi moja lenye fungu la pamoja. Mwaka 2011 Dianne Hackborn, mhandisi wa Android, alieleza hadharani kwamba kundi hilo lote haliwezi kuzinyang'anya nyuzi za mbele zaidi ya asilimia 10 ya muda wa kichakataji. Baadaye, vichakataji vyenye viini vikubwa vya kasi na vidogo vya polepole vilipoenea, kundi la nyuma lilianza pia kufungiwa kwenye viini vidogo, na programu iliyo mbele ya mtumiaji ikaachiwa viini vyote.

Tatizo hujitokeza pale uzi wa mbele unapohitaji kitu kilicho mikononi mwa uzi wa nyuma. Tuseme kazi ya kusawazisha ujumbe imefunga hifadhidata kwa kufuli, yaani kizuizi kinachowafanya wengine wasubiri, ili iandike, na uzi wa kuchora unataka kusoma jina la mtumaji kutoka humo. Mwenye kufuli yuko kwenye kiini kidogo na ana fungu dogo la muda, hivyo upendeleo uliokusudiwa kuilinda skrini ndio unaorefusha kusubiri kwake. Hali ya namna hii ndiyo iliyokifanya chombo cha Mars Pathfinder kijiwashe upya mara kwa mara kikiwa Mirihi mwaka 1997, na dawa yake ilikuwa kumrithisha mwenye kufuli kipaumbele cha anayemsubiri. Android hurithisha hivyo katika Binder, njia ambayo michakato (programu na huduma zinazoendelea kufanya kazi) huitana kwayo, lakini kufuli za kawaida zinazotumiwa ndani ya programu kwa kawaida hazirithishi chochote.

Kumbukumbu ni kikwazo kigumu zaidi, hasa kwenye simu za bei nafuu zenye gigabaiti 2. Nafasi ikipungua, kerneli huweza kuondoa kwenye kumbukumbu kurasa za msimbo (vipande vya amri) vya programu iliyo mbele, na uzi wa kuchora unapozihitaji hulala hadi zisomwe upya kutoka kwenye hifadhi. Namba -8 haisaidii kitu hapo, kwa sababu uzi uliolala haugombei kichakataji. Android hujibu kwa kuua michakato ya nyuma, ikianza na ile isiyohitajika sana, na ndiyo sababu programu uliyoiacha dakika chache zilizopita huanza upya unapoirudia.

Kwa hiyo ninapofungua rekodi ya Perfetto, zana ya kurekodi kila uzi unachofanya, kwanza naangalia uzi wa kuchora ulikuwa katika hali gani wakati fremu ilipokosekana. Ukiwa tayari kukimbia bila kupewa kiini, suala ni la kipaumbele. Ukiwa umelala usingizi usiokatizwa, yaani hauwezi kuamshwa hadi anachosubiri kifike, natafuta hifadhi au kumbukumbu. Ukiwa umelala usingizi wa kawaida katikati ya kuchora, namtafuta aliyeshika kufuli, na mara nyingi namkuta kwenye kiini kidogo.