Barua ya Alamo haikuiokoa Alamo

Wengi husimulia kwamba barua ya William Travis, kamanda wa ngome ya Alamo huko Texas, iliita jeshi likaja kuikomboa ngome hiyo wakati Texas ikipigania uhuru wake kutoka Mexico. Sivyo. Travis, kijana wa miaka 26, aliiandika Februari 24, 1836, siku moja baada ya jeshi la Jenerali Santa Anna, rais wa Mexico, kumzingira yeye na wenzake. Aliielekeza kwa watu wa Texas na Wamarekani wote duniani, akaapa kutosalimu amri, akamaliza kwa "Ushindi au Kifo". Ila chini yake aliongeza maneno ambayo husahaulika: wamekuta mahindi katika nyumba zilizohamwa, na wameingiza ngomeni ng'ombe 20 au 30. Hapo ndipo namwona mtu halisi, anayehesabu chakula huku mizinga ikinguruma.

Mjumbe, Albert Martin, aliipeleka barua hiyo katika mji wa Gonzales. Kutoka huko walikuja watu 32 tu, wakafia Alamo. Fannin, kamanda mwingine wa Texas, alitoka mji wa Goliad na wanajeshi wake, akarudi njiani. Machi 6 ngome ikaanguka.

Nguvu ya barua ilionekana nje ya kuta. Ilichapishwa magazetini, ikavuta watu wa kujitolea, na Aprili 21 jeshi la Texas chini ya Sam Houston likamshinda Santa Anna kule San Jacinto kwa dakika kama 18.

Na tusifiche hili: uhuru wa Texas haukuwa wa wote. Mexico ilikuwa imepiga marufuku utumwa. Katiba ya Texas ya 1836 iliulinda. Joe, mtumwa wa Travis, alinusurika Alamo, akawaeleza viongozi wa Texas aliyoyaona, kisha akabaki mtumwa.