Je, wajua? Gari likikata kulia, beringi inayovuma mara nyingi ni ya kushoto

Gari la foo-wili, lile linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, linavuma mbele. Ni mvumo mzito, kama wa pangaboi kubwa linalozunguka chumba cha pili. Barabara ikinyooka, unausikia kwa mbali. Ukiingia kona ya kulia unapanda, ukiingia ya kushoto unanyamaza. Je, ni gurudumu lipi lenye ugonjwa?

Mimi nilisema la kulia, na sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa nimetoka Tanga mjini naelekea Segera, na tangu Muheza kila kona ya kulia iliniletea mvumo uleule. Kona ya kulia, kelele ya kulia: nani angefikiri vinginevyo? Tena usukani wa magari yetu uko kulia, kwa hiyo gurudumu la mbele la upande huo liko jirani kabisa na miguu ya dereva, na sikio likakubali upesi. Nikanunua beringi za kulia, vyuma vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa ulaini, pamoja na sili yake inayozuia maji na uchafu, zikafungwa gereji moja mjini. Siku ya pili nikatoka tena kuelekea Muheza. Kona ya kwanza tu ya kulia, mvumo ulikuwa palepale.

Kosa hili wanalifanya watu wengi, wakiwemo mafundi wenye miaka kazini, kwa hiyo linastahili kufunguliwa taratibu.

Aliyewahi kusimama ndani ya daladala analijua jibu mwilini mwake. Dereva akikata kulia, waliosimama wote wanalalia kushoto. Hakuna aliyewasukuma. Miili yao ilitaka kuendelea mbele moja kwa moja, na sakafu ndiyo iliyowaponyoka kwenda kulia. Sasa lichukue bodi la gari kuwa nalo ni abiria, amesimama juu ya springi nne. Chini, matairi yanageukia kulia. Juu, bodi bado linataka kunyooka. Kwa hiyo linalala kushoto, na springi za kushoto zinabonyea. Wakati huo gurudumu la kulia linapumzika, na la kushoto ndilo linalobeba.

Linabeba kiasi gani? Chukua gari la kilo 2,000, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 70 kutoka ardhini, na kutoka tairi la kushoto hadi la kulia ni mita moja na nusu. Liingie kona yenye nusu-kipenyo cha mita 95 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Karibu kilo 280 zinahama kutoka magurudumu ya kulia kwenda ya kushoto. Hiyo ni mifuko mitano ya saruji na zaidi ya nusu ya mfuko wa sita. Kama nusu yake inaangukia ekseli ya mbele, gurudumu la kushoto lililokuwa limebeba kama kilo 500 sasa linabeba takriban 640, na mwenzake wa kulia anabaki na kama 360. Beringi iliyochakaa ikikandamizwa hivyo italia, na iliyopunguziwa mzigo itanyamaza hata kama nayo imeanza kuchoka.

Yaani kona ya kulia inalipima gurudumu la kushoto. Mimi nilichukua upande wa kona nikaufanya upande wa ugonjwa.

Lakini sikio nalo? Mbona nilisikia kulia kabisa? Hapa ndipo jambo hili linaponivutia zaidi, kwa sababu sikio lina udhuru wake.

Beringi za mbele za foo-wili nyingi za zamani ni za roli: vipande vya chuma vilivyochongwa mfano wa kizibo, vinavyozunguka katikati ya ringi ya ndani na ringi ya nje. Kila gurudumu lina beringi mbili. Ringi ikichimbika hata kidogo, kila roli inayopita inadumbukia kwenye kishimo na kupanda tena, kama gurudumu la mkokoteni linalopita juu ya shimo lilelile bila kuchoka. Kwa kilomita 60 kwa saa, tairi la foo-wili linazunguka kama mara saba kwa sekunde. Kwenye beringi ya roli 17 kishimo cha ringi ya nje kinagongwa takriban mara 50 kila sekunde. Mapigo 50 sikio haliyahesabu, linayaunganisha kuwa mvumo mmoja mzito. Ndiyo sababu pia gari hilohilo likitembea taratibu mtaani huwa halilalamiki: mapigo yanakuwa machache mno kufanya sauti nzito inayosikika.

Sasa kumbuka harusi ya usiku Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Uko kitandani, zumari linalia, na unaweza kunyoosha kidole uonyeshe lilipo. Mdundo wa ngoma kubwa, lakini, unaujaza mtaa mzima. Unausikia mpaka kifuani, na huwezi kusema kama uko barabara ya nane au ya kumi na mbili. Sauti nzito ina wimbi refu. Mvumo wa mapigo 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita saba hewani, kupita urefu wa gari lenyewe. Kati ya sikio moja na jingine pana sentimita chache tu, kwa hiyo wimbi hilo linafika kote kwa nguvu ileile na karibu wakati uleule. Isitoshe, sauti ya beringi haiji kwa hewa peke yake. Inapanda kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachokaa beringi, inapita ekseli na chesesi, halafu inatokea pale penye bati jepesi. Sikio linasikia bati linapotetemeka, na hapo huenda pakawa mbali na ugonjwa.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mzee wa Ngamiani. Nilimwamkia, nikamweleza yote, naye akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, ukikata kulia gari linalalia wapi?"

"Linalalia kushoto, mzee."

"Basi mbona umelitibu lisilolaliwa?"

Akapiga jeki chini ya ekseli, upande wa kushoto, mpaka tairi likaning'inia. Akageuza kitufe cha habu kwenye neno FREE, yaani huru, ili shafti inayolisukuma gurudumu isizunguke pamoja nalo. Kisha akaniambia niweke vidole juu ya springi, nisiguse tairi. Yeye akalizungusha gurudumu kwa mkono. Kwa sikio sikupata kitu cha maana, lakini vidoleni kilikuja kitu kama mchanga mkavu unaosagwa katikati ya mawe mawili, punje kwa punje. Tukahamia kulia, kwenye beringi zangu mpya, nikashika springi ya upande ule. Ilikuwa laini, kana kwamba hakuna kinachozunguka.

Alipofungua kushoto, grisi ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Alipoifuta ringi kwa kitambaa nikaona upande mmoja umebanduka, vijishimo vya ukubwa wa punje ya uwele vimepangana. Rangi ile ya chai ilikuwa ni maji. Wiki kadhaa kabla yake nilikuwa nimeshuka na gari pwani kusaidia kuvuta mashua, na habu zilikuwa bado za moto kwa safari. Habu ya moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kunyonya kilicho karibu, kama chupa ya plastiki iliyofungwa ikiwa na hewa ya moto inavyobonyea ikipoa. Sili iliyochoka haiwezi kuzuia. Maji ya chumvi yakishaingia, hayatoki yenyewe.

Kanuni ya upande wa pili, hata hivyo, ina mipaka yake. Nimesema mara nyingi, sikusema siku zote. Kwenye kona, lami inalishika tairi kwa chini na kulivuta pembeni, na mvuto huo unaifikia habu kupitia nusu nzima ya kipenyo cha tairi. Ni kama spana iliyochomekwa bomba refu: nguvu ndogo mwishoni, nguvu kubwa kwenye nati. Zile beringi mbili zimeachana sentimita chache tu, kwa hiyo kona inaweza kuikandamiza moja na kuilegeza nyingine ndani ya gurudumu hilohilo. Kuna beringi inayolia kona zote mbili. Iliyolegea nati inaweza kuhangaika hasa ikiwa haina mzigo. Kona inakupa pa kuanzia kutafuta. Jeki na vidole juu ya springi ndivyo vinavyothibitisha, na ni lazima ufanye hivyo pande zote mbili kabla ya kununua chochote.

Matairi nayo yanadanganya sana. Tairi la meno makubwa ya matope, au lililolika mawimbimawimbi, linavuma karibu sawa na beringi. Lisikilize unapotoka lami chakavu kuingia lami mpya: mvumo wa tairi hubadilika papo hapo, wa beringi haujali lami. Au hamisha matairi ya mbele nyuma. Mvumo ukiyafuata, beringi haina kosa.

Mwenye foo-wili ya habu za kufungua kwa mkono ana kipimo kingine ambacho gari dogo halina. Gari likisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu na habu zote mbili ziko wazi (FREE), shafti za mbele na difu ya mbele, lile boksi la gia linalozigawia nguvu, hazizunguki. Endesha kilomita mbili hivyo, kisha funga habu urudie njia ileile, bado gari likisukumwa na ya nyuma tu. Kelele inayokuja habu zikifungwa iko kwenye shafti, jointi zake au difu. Isiyobadilika iko kwenye beringi, tairi au breki.

Kelele nyingine za mbele zinajieleza zaidi. Tak-tak-tak unapokunja usukani hadi mwisho na kuondoka taratibu ni jointi ya shafti, na mara nyingi utaukuta mpira wake umepasuka, grisi imerukia rimu kwa ndani. Hapo usitumie kanuni ya kona, kwani magurudumu yote mawili yamekunjwa. Kugonga kwenye matuta mara nyingi ni viungio vya chini ya gari: boljointi, bushi au linki ya stebilaiza. Mkwaruzo mkali wa ghafla baada ya njia ya kokoto huenda ni jiwe tu lililonasa kati ya diski ya breki na bati lake.

Mvumo wa beringi usiuzoee, na usipande nao Lushoto. Kutoka Mombo barabara ni kona juu ya kona na bonde liko pembeni, na beringi iliyochimbika hupata moto, hukauka grisi, na mwisho wake inaweza kuachia gurudumu.

Yule mzee alipofunga beringi mpya za kushoto alikaza nati huku akizungusha gurudumu ili roli zikae sawasawa, akailegeza, akaikaza tena kidogo. Akaniambia niende Muheza na kurudi, nimletee gari akague kama imelegea. Nilikwenda. Kona za kulia zilikuwa kimya. Aliponyanyua tena gurudumu alilitikisa juu na chini kwa mikono miwili, akaongeza nati kidogo tu, akafunika habu. Zile beringi za kulia nilizozitoa bure nilizifuta grisi nikazitazama kwenye jua, roli moja baada ya nyingine. Hazikuwa na alama hata moja.