UFAFANUZI: DPI kubwa pekee haiifanyi skana ifae kwa negativu

Kwenye magrupu ya hapa Arusha kuna ujumbe wa siku nyingi: skana yoyote ya steshenari inafaa kwa negativu na slaidi (filamu za picha za kamera), mradi DPI, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, iwe kubwa. Si kweli. Skana ya karatasi humulika kutoka chini, ilhali filamu inahitaji mwanga uipenye. Ndiyo maana negativu hutoka nyeusi tii. Fungua mfuniko wa skana: kama hauna taa, hiyo ni ya vyeti.

Namba ya DPI nayo huchanganya watu, kwa sababu programu inaweza kuikuza. Skani fremu (picha moja ya filamu) ileile kwa DPI 2400, kisha 4800, ukuze usoni. Kama kope hazijaonekana vizuri zaidi, kilichoongezeka ni ukubwa wa faili tu. Fremu ya milimita 24 kwa 36, kwa DPI 2400 halisi, hutoa takriban pikseli milioni 7.7, zinatosha albamu ya familia.

Tafadhali, ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze.