Sonona ina viwango: acheni kuuliza "kichaa au si kichaa?"

Kila Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, inapokaribia, foleni ya kliniki yetu hurefuka. Hivi karibuni mama mmoja alimleta binti yake, mwalimu, akauliza hata kabla hajakaa: "Daktari, niambie tu, mwanangu ni kichaa au si kichaa?" Binti alikuwa ameinama, akivuta uzi wa khanga na kuuzungusha kidoleni.

Swali hilo tunaulizwa kila siku, na linachosha, maana linawafanya watu wajifiche hadi hali iwe mbaya. Hakuna mstari wenye wazima upande huu na wagonjwa upande ule. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu na kukosa hamu, ina viwango, na mtu hupanda na kushuka.

Tunatumia dodoso la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai na mengineyo. Kila jibu lina alama: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ya juu ni 27. Alama 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, 10 hadi 14 ya wastani, 15 hadi 19 nzito kiasi, 20 na kuendelea ni kali. Mwenye 6 hatukimbilii kumwandikia vidonge. Mwenye 21 hatumwachi aondoke na ushauri mtupu. Hata hivyo alama peke yake haithibitishi ugonjwa. Upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo huleta uchovu uleule, kwa hiyo msijipime wenyewe mkanunua dawa.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo hata alama 1 tunaifuatilia siku hiyohiyo, jumla iwe ndogo kiasi gani. Wengi hudanganya kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinahusu kitendo cha kujaribu kujiua. Kuwa na mawazo hayo na kumweleza mhudumu si kosa. Tafadhali semeni ukweli.

Binti yule alipata 13. Hakulazwa. Ameanza ushauri nasaha, bado anafundisha, na baada ya wiki 2 tutajaza naye fomu ileile upya. Mama ameomba kuja naye, na safari hii nimemwomba akae nje kwanza, binti ajibu mwenyewe.