Sekunde Moja ya Wimbo: Sikio Linashika Nini

Ukinipigia sekunde moja ya wimbo, mimi sitafuti wimbo. Natafuta studio. Nasikiliza gitaa limepita kwenye mashine gani, dramu ni za mkono au za kompyuta, na kama kwa nyuma kuna ule mvumo wa kanda ya zamani. Nikishajua hayo, nyimbo laki nzima zimebaki mia, na hapo ndipo jina linapoanza kuja. Kazi yangu ni mitambo ya redio hapa Mwanza, na jioni naendesha mchezo wa kubahatisha nyimbo kwenye kundi la WhatsApp. Humo ndani waimba kwaya hodari wanaachwa mbali. Anayeongoza ni fundi simu wa Makoroboi ambaye hata kupiga mluzi hawezi, lakini kutwa nzima anashinda na spika za watu.

Kwa ambaye hajawahi kuucheza: mchezo uliouvumisha mtindo huu ni Heardle, uliotoka mapema 2022 wakati watu wamepagawa na Wordle, ule wa kubahatisha neno la herufi tano. Unapewa sekunde 1 ya mwanzo wa wimbo. Ukikosa zinafunguka 2, halafu 4, 7, 11, na mwisho 16. Nafasi ni sita, wimbo mmoja kwa siku. Spotify waliununua Julai 2022, wakaufunga tarehe 5 Mei 2023. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za Marekani na Uingereza, kwa hiyo huku kwetu ulibaki mchezo wa wachache. Iko mingine inayoendelea, mmojawapo Bandle, ambao una njia yake: unaanza na dramu, kisha ala nyingine zinaongezwa moja baada ya nyingine. Huo ndio naupenda zaidi, maana unamlazimisha mtu amsikilize mpiga besi, kiumbe anayesahaulika kuliko wote bendini.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: inakuwaje mtu autambue wimbo kwa sekunde moja, wakati hakuna hata neno lililoimbwa?

Sekunde moja ni nyingi, kusema kweli. Mwaka 1999 mtafiti Glenn Schellenberg na wenzake waliwapa watu majina ya nyimbo tano zilizokuwa zinavuma, kisha wakawasikilizisha vipande vya milisekunde 200, na vingine vya milisekunde 100 tu, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Watu walioanisha vipande na majina kwa kiwango ambacho bahati peke yake isingefikisha. Mwaka 2010 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell akatumia vipande vya milisekunde 400, safari hii bila kuwapa watu orodha ya majibu. Zaidi ya robo ya vipande vilitajwa msanii na jina la wimbo. Na hata pale jina lilipogoma kuja, wasikilizaji walikuwa na fununu ya muongo ambao wimbo umetoka na aina ya muziki wenyewe.

Ndani ya milisekunde 100 hakuna melodi. Noti moja yenyewe haijamaliza kulia. Kilichopo ni rangi ya sauti: ule mchanganyiko wa masafa, yaani mitetemo ya chini na ya juu, unaofanya noti ileile ikipigwa na saksafoni isifanane na ya gitaa, na gitaa la bendi hii lisifanane na la bendi ile. Ni kama kumtambua mgeni kwa kikohozi kabla hajapiga hodi.

Sehemu yenye habari nyingi kuliko zote ni ule mguso wa kwanza, kidole kinapokutana na waya au fimbo inapokutana na ngozi. Ukiukata mguso huo ukaacha mlio unaofuata peke yake, hata wanamuziki wenye uzoefu wanaanza kuchanganya ala. Ndiyo maana kwenye jaribio la Schellenberg, vipande vilipopigwa kinyumenyume watu walikwama kabisa, ingawa masafa yaliyomo yalikuwa yaleyale. Jambo la pili walilogundua ndilo linalonigusa mimi kama fundi: masafa ya chini yakiondolewa watu hawapati shida, lakini yakiondolewa ya juu wanarudi kwenye kubahatisha tupu.

Tafsiri yake mtaani iko hivi. Watu wanalalamika kwamba simu zao ni za bei ndogo, hazina besi, ndiyo maana wanashindwa. Si kweli, au si kweli sana. Spika ya simu, hata ya bei mbaya, besi yake ni ya kusingizia, lakini masafa ya juu inayatoa. Kinachowaangusha ni namna wimbo ulivyotumwa. Mtu anaweka wimbo kwenye redio, anashika simu mbele ya spika, anarekodi ujumbe wa sauti na kuutupa kwenye kundi. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya maneno ya mtu, na unabana kila kisichohitajika kwenye maneno. Ule mng'ao wa matoazi, mkwaruzo wa vidole kwenye waya, hewa ya studio, vyote vinaliwa. Kilichobaki ni wimbo uliofunikwa blanketi. Mimi kipande nakikata kwenye kompyuta na kukituma kama faili, si kama ujumbe wa sauti, na tangu kundi zima tuanze kufanya hivyo ugomvi umepungua.

Ila kuna muziki ambao besi ndiyo kitambulisho chake, na hapo simu inakuonea kweli. Amapiano ni mfano. Nyimbo nyingi za Bongo za mtindo huo zinaanza na manyanga yaleyale yanayotetema, na kinachozitofautisha ni mdundo mzito wa chini ambao simu haiutoi. Hapo tafuta hedifoni.

Sasa tuje kwenye muziki wetu, maana kila aina ina tabia yake ndani ya sekunde moja.

Singeli inakupa mengi mno kwa mkupuo. Biti yake inakimbia mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, kwa hiyo sekunde moja ina mapigo matatu na ushee, kinanda kimeshazunguka, na wewe bado unahema. Kujua kwamba ni singeli ni rahisi kuliko kitu chochote. Kujua ni singeli ipi ni shughuli nyingine. Bongo Fleva ya miaka hii ina ugonjwa wake: jina la prodyuza linatamkwa mwanzoni. Ukisikia S2Kizzy ametajwa, umepata mpishi, chakula hujakijua, na sekunde yako imekwisha. Mimi nyimbo za namna hiyo naruka salamu ya prodyuza na kuanza kukata biti inapoingia. Taarabu ya zamani ni mateso kwa mchezo huu. Fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zinajipanga taratibu, na kwa sekunde 16 zote mwimbaji bado amekaa kwenye kiti chake.

Muziki wa dansi ndio utamu wenyewe. Bendi za zamani zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, kwenye studio ileile na kwa mafundi walewale. Kwa hiyo hewa ya chumba inafanana, na tofauti inabaki kwa wapigaji wenyewe. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na ilijivunia: NUTA na Msondo, Mlimani Park na Sikinde, Western Jazz na Saboso, Vijana Jazz na Pamba Moto. Mzee aliyecheza dansi miaka ya themanini huhitaji kumpa wimbo. Mpe namna magitaa yanavyopokezana, mpe tarumbeta zinavyoingia, atakwambia bendi, kisha atakwambia nani alikuwa anapiga solo, kisha atakwambia alikuwa amevaa suruali ya aina gani. Hilo la mwisho siwezi kulithibitisha.

Na kwa kuwa tuko ziwani, benga, ule muziki wa magitaa wa Waluo, haikwepeki. Daniel Owino Misiani, aliyeongoza Shirati Jazz, alizaliwa upande wetu huku, karibu na Shirati mkoani Mara, akapata jina Kenya na kufariki Kisumu mwaka 2006. Benga inajitangaza haraka: gitaa la solo liko juu, jembamba, lina haraka, na besi inatembea na mambo yake badala ya kusindikiza tu. Watu wa Musoma na Tarime kwenye kundi letu wanaipata kabla sekunde haijaisha, wale wa Shinyanga wanaandika "rumba" na kuchekwa.

Kuna tatizo moja ambalo Heardle isingeweza kulijua, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mchezo unachukulia kwamba msikilizaji anaujua mwanzo wa wimbo. Wengi wetu nyimbo hatukuzijulia mwanzoni. Tumezipata katikati: umepanda daladala Buzuruga wimbo uko kwenye kiitikio, umeshuka Nyakato haujaisha. Umepita mbele ya baa, umekuta magitaa yamechemka. Umekaa kwenye kivuko cha Kamanga, upepo unakuletea nusu na nusu unaupeleka ziwani. Hata redioni, mtangazaji anaongea juu ya utangulizi mpaka mwimbaji anapofungua kinywa, na mimi niliyekaa kwenye mitambo ndiye ninayemshushia wimbo chini ili asikike. Konda mmoja wa daladala za Igoma alinijibu kwa hasira siku aliyokosa wimbo anaoupiga garini kila asubuhi: "Kaka, mimi huo wimbo naujua wote. Hapo ulipokata wewe ndipo huwa naita abiria."

Ndiyo maana kwenye kundi letu siku hizi kipande kinaweza kutoka popote. Kwa muziki wa dansi napenda kukata pale chemko linapoanza, ambapo waimbaji wananyamaza, mwendo unapanda na magitaa yanashika usukani. Hapo ndipo miguu ya watu inapokumbuka. Vijana wanasema ni upendeleo kwa wazee. Ni upendeleo, sawa, lakini wao wana singeli.

Ubishi mkubwa uliowahi kutokea ulihusu "Salome", aliyoitoa Diamond Platnumz na Rayvanny mwaka 2016, ambayo imejengwa juu ya "Maria Salome" ya Saida Karoli wa Kagera, ile ambayo nusu ya nchi inaiita Chambua Kama Karanga. Nilituma kipande cha toleo la 2016. Vijana wakaandika Diamond. Mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba Mwaloni akaandika: "Mwanangu, huo ni wa Saida, hao wameazima tu." Nilimpa alama, na kelele zikafika hadi usiku. Kwa mujibu wa sheria ya mchezo jibu ni rekodi, si melodi, kwa hiyo vijana walikuwa na haki. Lakini mama alikuwa amesikia kitu ambacho mashine isingekisikia.

Ninaposema mashine nakusudia Shazam, kwa sababu wapo wanaoibia. Huduma hiyo ilianza Uingereza mwaka 2002, ukipiga namba 2580 na kuielekeza simu kwenye spika, na Apple wakaimiliki 2018. Haina sikio kwa maana yetu. Inachora ramani ya sauti, inachukua vilele tu, yaani masafa yaliyojitokeza kwa nguvu kila wakati, inapima umbali kati ya kilele na kilele, kisha inatafuta kwenye ghala lake rekodi yenye ramani inayolingana. Ikiipata imepata ile rekodi hasa. "Salome" ya 2016 na ya Saida kwake ni vitu viwili visivyojuana. Na ukienda Bujora, Kisesa, siku za Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, yakiwa yanashindana kwa ngoma, Shazam itakutolea macho, maana ngoma inayopigwa mbele yako haimo kwenye ghala lolote. Mzee wa Kisukuma aliyesimama pembeni ataitambua kwa mapigo machache. Anayeibia kwa kipande cha sekunde moja pia hajisaidii sana, kwa sababu vilele vinakuwa vichache mno. Ndiyo maana naanza na sekunde moja, na alama nyingi ziko hapo.

Kuhusu mbinu nitakuwa mfupi. Usiruke. Kwenye michezo mingi iliyoiga Heardle, kuruka na kukosea vina gharama ileile, vyote vinakula nafasi moja na kufungua sekunde zinazofuata. Kwa hiyo anayeruka ametupa bahati bure. Andika chochote kinachofanana. Ukianza kuandika jina la msanii, orodha ya nyimbo zake inajitokeza chini, na mara nyingi kuiona tu kunatosha kukuchokoza kumbukumbu. Na usirudie kipande mara nyingi mfululizo. Ukiona jina haliji, acha simu, fanya jambo jingine dakika mbili, kisha sikiliza upya mara moja.

Kwa wanaotaka kuanzisha kundi lao: faili la MP3 huwa na kimya kifupi mwanzoni, na nyimbo nyingine zinapanda taratibu kutoka kwenye kimya, kwa hiyo usihesabu sekunde tangu faili linapoanza. Hesabu tangu mlio wa kwanza unaosikika, ukiacha upenyo mdogo sana kabla yake ili usiukate ule mguso. Sawazisha sauti za vipande vyote viwe na nguvu moja, vinginevyo watu watatambua nyimbo mpya kwa kelele zake tu, maana zimerekodiwa kwa sauti kubwa kuliko za zamani. Na jina la faili libadilishe kabla ya kutuma. Utashangaa ni wangapi wanalisahau hilo.

Ijumaa nitaweka vipande vya benga na vya Bukoba vikiwa vimechanganywa, nusu sekunde kila kimoja. Watu wa Mara msije na kiburi.