Kidonda kidogo kinavyogeuka hatari: maswali na majibu

Katika chumba cha kufungia vidonda tunapokea watu wenye mguu uliovimba mpaka ngozi inang'aa, na maelezo yao ni yaleyale: "Kilikuwa kidogo tu, nikasema kitakauka." Haya ndiyo maswali wanayotuuliza.

Kidonda kilitulia siku tatu. Iweje kichachamae usiku mmoja?

Hakikuwa kimetulia. Anayesumbua zaidi kwenye vidonda na majipu ni bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye karibu mtu mmoja kati ya watatu anaishi naye puani bila kuumwa. Bakteria huyu ana jeni (maagizo ya urithi yaliyo ndani yake) za kutengeneza sumu, lakini hazitumii ovyo. Wakiwa wachache, huwasha jeni za kujishikiza kwenye nyama na kujificha dhidi ya kinga ya mwili. Wakimwaga sumu mapema, mwili utawashtukia na kuwamaliza.

Wakati huohuo kila mmoja anatoa nje kipande kidogo cha protini. Wanavyozaliana, vipande hivyo vinarundikana, na vikifikia kiwango fulani bakteria wanavihisi kwenye ngozi yao ya nje. Hapo jeni za kujishikiza zinazimwa na za sumu zinawashwa, karibu wote kwa pamoja, kama kikao kilichokuwa kikisubiri akidi itimie. Sumu hiyo inatoboa chembe za mwili, zikiwemo chembe nyeupe zilizokuja kupigana. Usaha unaouona umejaa chembe nyeupe zilizokufa.

Wanaongezeka haraka kiasi gani?

Wakipata joto na chakula, wanaweza kujigawa kila nusu saa. Bakteria mmoja wa saa mbili usiku, asipozuiwa na kitu, kufikia saa kumi na mbili asubuhi ni zaidi ya milioni moja.

Basi nisubiri nione kama kitakauka?

Hapana. Ukisubiri, unawapa muda wa kutimiza idadi wanayoitaka. Osha kidonda siku hiyohiyo kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, kisha kikague kila siku. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: je, pana joto kuliko upande wa pili? Chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari, njoo. Ukitokwa na mtoki, njoo. Ukipata homa au baridi kali ya kutetemeka, njoo usiku huohuo, usingoje kupambazuke.

Nimemwagia unga wa kapsuli ya antibiotiki, ile ya rangi mbili. Si inatosha?

Haitoshi, na tunaomba sana tabia hii iishe. Unga unagandamana na majimaji, unatengeneza gamba juu, na chini yake bakteria wanaendelea kuzaliana. Tunatumia muda mrefu kulibandua gamba hilo kabla hata ya kukiona kidonda, na mgonjwa analia kwa maumivu yasiyo ya lazima. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya breki pia hapana. Kinyesi cha ng'ombe kinaweza kukuletea pepopunda juu ya yote.

Jipu je, si mpaka liive?

Jipu dogo likande kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Usiliminye. Lakini likikua, likiwa karibu na jicho, likimpata mtoto mchanga au mwenye kisukari, sisi ndio tutakaopima kama limeiva. Usaha uliojikusanya unahitaji kupasuliwa. Vidonge peke yake havifiki vizuri katikati yake.

Nikipata nafuu naweza kuacha dawa?

Maliza kama ulivyoandikiwa. Na usimgawie jirani zilizobaki.

Nina kisukari. Nikija na kidonda mguuni si mtanikata?

Hofu hii ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu inawafanya watu wafiche kidonda mpaka kinanuka. Kidonda cha juzi tunakiosha, tunakifunga, tunarekebisha sukari, na mara nyingi mguu unabaki. Kinachokatwa ni mguu ambao sumu imeshaozesha nyama mpaka mfupani. Njoo leo, kingali kidogo. Usisubiri mpaka kianze kuuma: kisukari kikiua hisia za mguu, kidonda kinaweza kufika mfupani bila kuuma hata kidogo.